Rough Castle: majibu kwa mnaotaka kuuona ukuta wa Warumi msituni

Tangu nieleze matembezi ya Rough Castle, ngome ya Warumi kwenye Ukuta wa Antonine, karibu na Falkirk huku Scotland, maswali hayakatiki. Nayajibu haya kwanza.

Nimefika Gede nikaona kuta zimesimama. Na huko zipo?

Hazipo, dada, na ni heri ulijue hilo kabla hujatoka nyumbani. Ukuta wa Antonine ulianza kujengwa mnamo mwaka 142, enzi za Kaisari Antoninus Pius, ukaenda kama kilomita 60 kukata Scotland toka mashariki hadi magharibi. Msingi ulikuwa wa mawe, lakini juu yake walipanga mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake. Mvua za karne zote hizo zimeushusha. Utaona tuta refu lililoota majani, na mbele yake handaki kubwa ajabu. Shuka humo, simama chini kabisa, halafu tazama juu. Ndipo utakapojua aliyetoka kaskazini alikabiliwa na nini.

Nina watoto wa miaka 6 na 9. Wataweza?

Wataweza. Anzieni Falkirk Wheel, lile gurudumu la kupandishia mashua toka mfereji mmoja hadi mwingine. Kutoka hapo, njia ya msituni hadi ngomeni ni kama nusu saa kwa mguu. Kwa watoto ongeza kidogo. Msiache kuvuka handaki muone mashimo ya upande wa kaskazini, yamepangwa safu kwa safu. Askari walisimika humo vigingi vilivyochongoka, wakavificha. Mitego hiyo waliiita kwa Kilatini "lilia", yaani mayungiyungi. Mara ya mwisho nilikuta mvua imenyesha usiku, kila shimo lina maji kidogo na majani makavu yanaelea. Mwanangu alitumbukiza fimbo kupima kina, akaniuliza: "Mama, aliyeanguka humu alilia kwa lugha gani?"

Askari wenyewe walitoka Roma?

Jiwe la maandishi lililochimbuliwa hapo linataja kikosi cha sita cha Wanervii, watu wa sehemu ambayo leo ni Ubelgiji. Mimi ninayeishi mbali na kwetu, jina hilo hunigusa kila nikifika. Ukuta wenyewe ulilindwa kama miaka 20 tu, kisha jeshi likarudi kusini kwenye ukuta mwingine wa Warumi, ule wa Hadrian.

Nina mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Nije nayo?

Tafadhali iache nyumbani, kaka. Eneo linalindwa kisheria, na kuitumia hapo bila kibali ni kosa. Tangu 2008 ukuta huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kitu kikichimbuliwa ovyo hupoteza habari zake zote.

Kiingilio? Mavazi?

Ni bure, mwaka mzima. Vaeni buti, tope halikosekani. Suruali iwe ndefu, muichomeke kwenye soksi, maana kupe wa huku huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti na kwenye nywele.