Wamongolia: wauaji au wafungua njia za biashara?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na shemeji yangu kila tukikutana ni ubishi tu, yeye anasema Genghis Khan na watu wake walikuwa wachinjaji basi, mimi nimesoma kwamba ndio walioifanya njia ya kutoka Ulaya mpaka China ikapitika. Nani yuko sahihi hapo? Na ni kweli walitumia noti za karatasi?

JIBU: Msomaji, wote mko sahihi, ila mnabishana kama vile hayo ni mambo mawili. Kwa Wamongolia uuaji na biashara vilikuwa chungu kimoja.

Angalia ilivyoanza. Mwaka 1218 Genghis Khan alituma msafara wa wafanyabiashara kama 450 hivi, wengi wao Waislamu, waende kuuza kwenye himaya ya Khwarazm, kule Asia ya Kati. Walipofika Otrar, mji ambao magofu yake leo yako Kazakhstan, gavana akasema hawa ni wapelelezi, akawaua wote akachukua mali (na upelelezi wenyewe huenda ulikuwepo, maana Wamongolia walipenda sana kupata habari kupitia wafanyabiashara). Genghis akatuma wajumbe kudai akabidhiwe huyo gavana, Shah Muhammad, mtawala wa Khwarazm, akamuua mmoja na wenzake akawarudisha wamenyolewa ndevu. Kilichofuata kila mtu anakijua: 1220 Bukhara na Samarkand zikaanguka, 1221 ikawa zamu ya Merv na Nishapur. Yaani moja ya vita vibaya kuliko vyote vya zama zile ilianza na ngamia wa biashara.

Idadi ya waliokufa usiimeze nzima nzima. Juvayni, Mwajemi aliyewatumikia Wamongolia hao hao, anaandika kwamba Merv peke yake walikufa zaidi ya milioni 1.3, na mimi naona hapo chumvi imezidi, lakini hata ukigawa kwa kumi bado ni balaa. Hofu nayo ilikuwa silaha yao, mji ukisikia ya jirani unafungua lango wenyewe.

Sasa kabla ya kuua walikuwa wanatenga mafundi. Wafumaji, masonara, wahunzi, hao wanapona na wanasafirishwa mbali kufanya kazi. Padri William wa Rubruck alipofika Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, mwaka 1254 alikuta mti wa madini ya fedha uliotengenezwa na sonara wa Paris, Guillaume Boucher, aliyetekwa Hungary. Mti una mabomba manne, kila moja linamwaga kinywaji chake, na juu kuna malaika mwenye tarumbeta. Lakini mivukuto haikutosha kuipuliza tarumbeta, ikabidi mtu ajifiche chini apulize kwa pumzi yake! Nikisikia watu wanasifia "kubadilishana ujuzi" enzi za Wamongolia huwa namkumbuka huyo sonara, maana hakwenda kule kwa hiari yake.

Njia nazo kweli zilikuwa salama. Kulikuwa na vituo vya kubadilishia farasi, mjumbe anaonyesha kibao chake cha ruhusa anapewa farasi mpya na chakula. Karibu mwaka 1340 Pegolotti, mfanyabiashara wa Florence, aliandika kwamba kutoka Tana (bandari ya Bahari ya Azov, si mto wetu Tana) mpaka China unapita bila wasiwasi mchana na usiku, hivyo ndivyo alivyoambiwa na waliopita. Ila humo humo anaonya: ukifia njiani mali yako yote inachukuliwa na mtawala wa eneo hilo, labda uwe na ndugu yako pale, au rafiki anayejiita ndugu yako.

Noti ndiyo, walitumia, ingawa Wachina walikuwa nazo kabla yao. Kublai, mjukuu wa Genghis aliyetawala China, alitoa za kwake mwaka 1260 na mfanyabiashara mgeni alikuwa anatoa madini yake ya fedha anapewa karatasi. Kule Uajemi wakajaribu kuiga mwaka 1294, mtawala Gaykhatu akatoa noti mjini Tabriz, anayezikataa adhabu yake kifo. Watu wakafunga maduka wakakaa nyumbani, sokoni hakuna kitu, na baada ya kama miezi miwili noti zikafutwa. Mwaka uliofuata Gaykhatu mwenyewe akauawa na wakuu wa Kimongolia wenzake, ingawa si kwa sababu ya noti peke yake.