Pumba zangu na miezi minne iliyoungua

Wadogo zangu mnaosoma sayansi kila siku mnaniuliza, kaka hivi nano, hii teknolojia ya chembe ndogo mno, inalipa? Ngoja nianze na pumba, maana huko ndo nilikoungulia.

Kwetu Ubaruku, Mbarali, nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna mlima wa pumba za mpunga, wengine wanachomea tofali, nyingi zinaoza tu. Majivu yake karibu yote ni silika, kitu kile kile kinachojenga mchanga. Ukiipata ile silika ikiwa chembe za nanomita, na nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni, inanasa uchafu kwenye maji, inabebea dawa mwilini, wengine wanaigeuza silikoni ya betri.

Basi nikapandisha magunia mawili kwenye basi mpaka Mbeya, konda akanikata nauli ya mzigo huku anacheka, nikajaza tanuru la maabara nikachoma nyuzi 900 nikijua moto mkali ndo unasafisha. Yakatoka majivu ya kijivu yenye madoa meusi. Nikarudia, nikarudia, miezi minne namlaumu tanuru (na lilikuwa bovu kweli, ila kosa halikuwa lake). Siku moja mama fundi wa maabara akaniuliza, "Mwanangu, hizo pumba ulizichemsha na asidi?" Mi nilisuuza na maji ya bomba tu.

Kumbe potasiamu iliyomo kwenye pumba inayeyuka, inafungia kaboni ndani, haiungui tena hata ukeshe, na kwa moto ule silika inaanza kuwa fuwele, yaani inajipanga kwa mpangilio kama chumvi ya mawe. Chemsha kwanza kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, suuza mpaka asidi iishe, kausha, ndo uchome nyuzi 600 hadi 700. Nilivyofungua mlango nikakuta unga mweupe kama sembe, nilipiga kelele.

Vaa barakoa ya maana, sio kitambaa, vumbi la silika ya fuwele linakula mapafu. Hadubini ya elektroni, ile ya kuonea chembe za nano, usiililie mapema, anza na ulichonacho. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha alichukua tuzo ya Uingereza 2015 kwa chujio la maji la nano, na humo ndani kuna mchanga, mchanga huu huu!

Au kama uko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu: dhahabu ikiwa nano inakuwa nyekundu, ule mstari kwenye kipimo cha malaria mara nyingi ndo yenyewe.

Kulipa? Bado. Magunia nabeba, na konda siku hizi ananiita Profesa Pumba.