Uzio wa bustani karibu na bahari

SWALI: Shikamoo fundi. Nyuma ya nyumba yangu hapa Shangani, Mtwara, nina bustani ya mchicha, bamia na mipapai, na ufukwe hauko mbali. Mbuzi wa mtaani wananimalizia. Fundi amenipa bei mbili: nguzo za mikoko na seng'enge, au nguzo za zege na wavu. Ya mikoko ni nafuu sana. Hata tukijenga ya zege, anasema mchanga tutachota pwani, bure. Nifuate lipi?
Mama wa watoto watatu, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, huo mchanga wa pwani ukatae. Una chumvi, na chumvi ikishaingia kwenye zege inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, nguzo inapasuka kwa urefu, na hapo hakuna ukarabati ila kubomoa. Nunua mchanga wa mto au wa shimo, hata kama gari litakuongezea gharama. Maji nayo yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kama mnachota kisimani, yaonje kwanza. Yakiwa ya chumvi yaache.

Mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mwambie fundi akuonyeshe hicho kibali. Mimi mwenyewe nisingeichukua hata kwa bei hiyo, maana kamba na samaki wachanga tunaowategemea wanakulia kwenye mizizi yake. Ukitaka miti, tafuta mirunda iliyotiwa dawa, lakini mchwa wa huku hawana huruma. Wala usikubali nguzo zipakwe oili chafu kando ya mchicha unaowalisha wanao.

Kwa hiyo jenga ya zege. Nguzo ya futi 7, futi 2 ziende chini. Udongo wa mchanga haushiki, basi nguzo za kona na za geti zichimbiwe zaidi na kila moja iwekewe mkono wa kuiegemeza, kwa sababu wavu ukikazwa huvuta kona kwa ndani. Nimeona nyuzio nyingi zimelala kwa kukosa mkono tu, wavu wenyewe ukiwa bado mpya. Zege limwagiliwe maji siku 7 kabla ya kukaza chochote. Fundi atakuharakisha, mkatalie.

Dukani uliza geji. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba: geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12. Kwa upepo wa kusi unaoleta chumvi, chukua 12 yenye zinki nzito, na kila ncha iliyokatwa ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Chini fukia wavu kidogo, vitoto vya mbuzi hupenya hapo.

Fedha ikipungua, usishushe ubora. Anza na upande wanaoingilia mbuzi, kwingine ziba kwa matawi ya miiba mpaka upate. Wengine watakushauri kupanda ua wa mnyaa. Una watoto, mama: utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Acha.

Kabla shimo la kwanza halijachimbwa, tafuteni bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, pamoja na jirani, mjumbe akiwepo. Na fundi umlipe kwa hatua: vifaa nunua mwenyewe, ufundi nusu nguzo zikisimama, iliyobaki wavu ukishakazwa na geti likafunga.