Maswali ya Wasomaji: Bunduki za Kijerumani Kwenye Meza ya Dadu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: bunduki za Kijerumani za uwindaji na michezo zinazojipakia zenyewe, yaani nusu otomatiki. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, na inayofuata inaingia chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) bila mkono wa mtu. Nambari zote humu ni za gemu ya kuigiza inayochezwa mezani, msimulizi akiongoza hadithi na kila mchezaji akiigiza mhusika wake, kwa dadu za pande 6 na dadu moja ya pande 20. Zamu moja ni sekunde 3, na mtu mzima ana alama 15 za uhai. Kama meza yenu ina kanuni nyingine, chukueni uwiano, nambari ziacheni.

Wahariri, habari za kazi. Mchezaji wangu ameandika kwenye karatasi ya mhusika HK (Heckler na Koch) SLB 2000 yenye magazini ya risasi 30, na kila zamu anamimina tu. Wenzake wamebaki kutazama. Nimbane vipi bila kuleta ugomvi? (Msimulizi, Nkuhungu, Dodoma)

Bunduki yenyewe itambana. SLB 2000 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya wawindaji, na magazini yake ya kawaida inachukua risasi 2. Ndiyo, mbili. Sababu ni sheria ya uwindaji ya Ujerumani, kifungu cha 19. Machi 2016 Mahakama Kuu ya Utawala iliyoko Leipzig ilitoa uamuzi uliotikisa wawindaji wote wenye bunduki za aina hii, maana ulihoji magazini yoyote inayoweza kuchomolewa na kubadilishwa na kubwa zaidi. Mwaka huohuo sheria ikarekebishwa: bunduki inayojipakia isiwe na zaidi ya risasi 3 kwa jumla unapompiga mnyama. Yaani 2 kwenye magazini na 1 chemba. Magazini za risasi 5 na 10 zipo, ila mwindaji akimpiga mnyama Ujerumani kwa bunduki iliyojaa kiasi hicho ana kesi. Ya 30 kaibuni mchezaji wako.

Kwa hiyo kwenye karatasi andika 2+1. Kubadilisha magazini ni zamu 1. Kujaza magazini tupu kwa risasi za mfukoni ni zamu 2, mikono yote miwili, na mhusika hatembei. Akichomoa magazini kwa haraka huku anakimbia, rusha dadu ya pande 6: ikija 1, magazini imeangukia kwenye nyasi.

Sasa hiyo "kumimina". Risasi ya pili ndani ya zamu ileile inaruhusiwa, ila inakatwa kwenye dadu ya kulenga: toa 1 kwa risasi aina ya .223, toa 3 kwa .308 na .30-06, toa 5 kwa 9.3x62. Bunduki yenye uzito wa kilo 3 na kitu ikipiga teke la 9.3, mtutu unapanda juu na mlengaji lazima amtafute mnyama upya. Usiruhusu ya tatu kwenye zamu hiyo.

Na msidhani faida ya bunduki hizi ni kasi. Mwindaji mzoefu wa bunduki ya bolti (chuma kinachofunga chemba, hapa kikivutwa kwa mkono kila risasi) anavuta na kurudisha kwa sekunde 2 hivi. Faida hasa ya inayojipakia ni kwamba jicho halitoki kwenye darubini. Kwenye gemu iweke hivi: mwenye bolti akikosa, alama alizopata kwa kutulia na kulenga zinafutika, mwenye nusu otomatiki anabaki nazo.

Shikamooni. Nasoma UDOM na ndiye msimulizi wa kundi letu hosteli. Tunabishana: SLB 2000 ijeruhi zaidi, au Sauer 303, au HK MR308? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Ubishi huo hauna mshindi, kwa sababu kinachojeruhi ni risasi. Sauer 303 ya .308 na MR308 zinatema kitu kilekile. Andikeni madhara kwenye mstari wa risasi, kisha bunduki iwe na mistari yake: uzito, magazini, utulivu.

Namna ya kupata dadu: chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa kilo, zidisha kwa mwendo wake wa mita kwa sekunde mara mbili (yaani mwendo kipeo cha pili), gawa kwa 2. Hizo ni jouli. Kisha tafuta kipeo cha pili cha jouli hizo kinyumenyume, yaani kipeuo, na ugawe kwa 15. Nambari nzima ni idadi ya dadu. Kinachobaki baada ya nukta zidisha kwa 3.5 upate nyongeza; ikikaribia 3, hesabu dadu moja zaidi na utoe kilichopungua kufika 3.5. Kwa nini kipeuo? Ukitumia jouli moja kwa moja, .308 itakuwa kali mara 25 ya .22 LR, na hakuna mhusika atakayemaliza kikao akiwa hai.

Mfano wa .308: kichwa cha gramu 9.7 kwa mita 860, ni jouli kama 3,590. Kipeuo ni 60 kasoro kidogo, gawa kwa 15, dadu 4. Nyingine tumewapigia: .22 LR (gramu 2.6, mita 330) dadu 1 toa 1. .22 WMR, risasi ya HK 300, dadu 1 ongeza 1. .223 (gramu 3.6, mita 990) dadu 3 toa 1. .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 dadu 4 ongeza 1, na 8x57 IS mwiteni ndugu yake, hamtaona tofauti mezani. 9.3x62, gramu 18.5 kwa mita 720, dadu 4 ongeza 2.

Hapo mtashangaa: 9.3 imezidi .308 kwa alama 2 tu? Ndiyo, kwa swala. Risasi hiyo iliundwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, akiwalenga wawindaji na walowezi wa Afrika, na uzito wake unaonekana kwenye ngozi nene. Mpe nyati ngozi inayokula alama 6 katika kila risasi, lakini kichwa kizito kuliko gramu 15 kinaliwa alama 3 tu. Ghafla .223 inabaki kumkera nyati, na 9.3 inamwangusha.

Mkicheza Ujerumani kwenyewe, sheria imeshawagawia madaraja: nguruwe pori na paa wakubwa lazima risasi ya mm 6.5 au zaidi, iwe bado na jouli 2,000 ikifika mita 100. Paa mdogo anatosha jouli 1,000. Mwenye MR223, bunduki ya HK ya .223, hamgusi nguruwe.

Blaser R8 inaingia kwenye kundi hili? (Msomaji, Kongwa)

Haiingii. Ni ya bolti inayovutwa moja kwa moja nyuma na mbele bila kuinua mpini wa bolti. Ipe risasi 1 kwa zamu, ila isipoteze alama za kulenga kama bolti za kawaida.

Ndugu wahariri, ninaandaa mchezo wa Kondoa Irangi 1916 kwa klabu ya shule. Mchezaji mmoja ni mwindaji Mjerumani na anang'ang'ania apewe bunduki ya uwindaji ya Kijerumani inayojipakia. Ilikuwepo? (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, kwa miaka ile mwindaji wa Kijerumani katika makoloni alibeba Mauser ya bolti, mfumo wa 98. Mpe hiyo: magazini ya risasi 5, 8x57 au 9.3x62, na ataridhika akiona dadu.

Akishikilia kujipakia, kuna mlango mmoja wa haki: Remington Model 8, ya Kimarekani, iliyokuwa sokoni tangu 1906, magazini ya risasi 5 isiyochomoka. Lakini mwambie bei yake. Pwani imefungwa na manowari za Waingereza. Meli ya Rubens iliyopenya hadi Manza mwaka 1915 ilileta silaha na risasi za jeshi la Kijerumani; risasi za Remington hazikuwemo kwenye mpango wa mtu yeyote. Mpe 20 mwanzo wa mchezo, na zikiisha zimeisha. Hicho ndicho kitamfanya afikiri kabla ya kufyatua, kuliko kanuni yoyote utakayoandika.

Utamu wa Kondoa lakini uko kwingine. Askari wengi wa Schutztruppe (jeshi la kikoloni la Wajerumani) walianza vita na bunduki ya mfano wa 1871: mm 11, risasi moja moja, baruti ya moshi. Kwa hesabu yetu hapo juu (gramu 25, mita 430 hivi) ni dadu 3 ongeza 1, si haba. Shida ni wingu. Ukifyatua, kila mtu upande wa pili anajua ulipo bila kurusha dadu, na kama hakuna upepo wewe mwenyewe huoni mbele zamu inayofuata. Shambulio la Wajerumani la Mei 1916 dhidi ya vikosi vya van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, pale Kondoa lilifanyika usiku. Usiku tumia mwako wa mtutu badala ya moshi: aliyefyatua anaonekana, na macho yake yanapoteza alama 2 kwa zamu 1.

Kuna mwingine aliuliza kuhusu mchezo wa Kongwa wakati wa mradi wa karanga, 1948. Jibu bado ni hapana. Heckler & Koch yenyewe ilianzishwa 1949 pale Oberndorf, na kazi zake za mwanzo zilikuwa mashine za viwandani na vipuri vya cherehani. Kilichokuwepo mwaka huo ni Gewehr 43 ya jeshi, magazini ya risasi 10, ngawira ya vita mikononi mwa mtu asiyetaka kuulizwa maswali. Bunduki za uwindaji kama HK 770 ziwekeni kuanzia miaka ya 1970.

Bunduki zikwame lini? Sisi tunatumia "ukirusha 1 imekwama" lakini wachezaji wanasema ni uonevu. Tena mhusika mmoja ni askari wa wanyamapori Rungwa anayefuatilia majangili. (Kundi la Manyoni)

Uonevu unatoka pale ambapo kukwama hakuna sababu. Wapeni sababu, na mchezaji aliyejitunza asikwame ovyo.

Ya kwanza ni mafuta. Mtu anaona vumbi la Bahi mwezi wa Septemba, anamimina mafuta kwenye bolti akidhani anasaidia. Vumbi na mafuta vikichanganyika vinakuwa uji wa msasa. Bunduki kavu, safi: inakwama kwa 1. Yenye vumbi: 1 na 2. Yenye vumbi na mafuta mengi: 1 hadi 3. Ya pili ni risasi dhaifu au za zamani. Gesi haitoshi kusukuma bolti hadi mwisho, ganda linabanwa dirishani, yaani kwenye tundu la kutolea maganda. Ongeza 1 kwenye nambari za kukwama.

Ya tatu tunaipenda kuliko zote. Mhusika yuko karibu na mnyama, anataka kupakia kimya, anaisindikiza bolti kwa mkono polepole badala ya kuiachia irudi kwa springi yake. Bolti haifungi sawasawa. Msimulizi arushe dadu ya pande 6 kwa siri. Ikija 1, mhusika atajua pale atakapovuta kifyatulio na kusikia "tik", au asisikie kitu kabisa.

Ikikwama, rusha dadu ya pande 6. Ikija 1 hadi 3, ganda limebanwa dirishani: vuta bolti, kung'uta, zamu 1. Ikija 4 au 5, risasi mbili zimegongana: chomoa magazini, toa zote, pakia upya, zamu 2. Ikija 6, ganda limenasa ndani ya chemba, na bila fimbo ya kusafishia hiyo ni rungu mpaka kambini.

Kuhusu askari wenu: mpeni maganda. HK 770 na SL7 haziendeshwi kwa pistoni ya gesi, zinacheleweshwa na rola mbili kwenye kichwa cha bolti, na chemba zake zina mifereji myembamba inayopitisha gesi ili ganda lisigande. Ganda likitoka lina mistari ya masizi inayokwenda kwa urefu, kuanzia shingoni kushuka chini, na linarushwa mita kadhaa. Ganda la Sauer 303 au SLB 2000 halina mistari hiyo. Askari akipata 12 na zaidi kwenye dadu ya pande 20, anajua amemfuata mtu mwenye mfumo wa HK wa zamani, na akigeuka upande maganda yalikotoka anapata aliposimama mlengaji. Jangili mwenye bolti anaokota ganda lake miguuni na kutia mfukoni. Mwenye nusu otomatiki lazima alitafute majanini: zamu 4 kwa kila ganda, na anapiga kelele.

Kichaka cha Itigi: darubini kubwa inasaidia? (Msomaji, Itigi)

Inadhuru. Mle ndani mhusika haoni zaidi ya mita 15 au 20, na darubini inayokuza mara 8 kwa umbali huo inamwonyesha manyoya tu, hajui kama ni bega au paja. Toa 4 kwenye kulenga. Darubini ya misako ya nguruwe Ulaya, inayoanzia mara 1 hadi mara 6, isikatwe kitu ikiwa imewekwa kwenye 1. Na kwa kichaka kama hicho chagua Sauer 303: inabebwa risasi ikiwa chemba lakini springi ya kupigia risasi haijakazwa, mpaka mhusika aisukume kwa kidole gumba. Hicho ni kitendo cha bure ndani ya zamu, ila mchezaji lazima akitamke. Asipotamka, amevuta kifyatulio cha bunduki iliyolala.