Bunduki Iliyoachwa Ukumbini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni mchezo gani uliotokana na filamu ya mapambano uliokuvunja moyo zaidi ulipoletwa kwenye konsoli ya nyumbani, na wewe ungeurekebisha vipi? Jibu langu ni Terminator 2: Judgment Day, ule mchezo wa mashine ya ukumbini (mashine ya sarafu katika kumbi za michezo ya video) uliotengenezwa na kampuni ya Midway mwaka 1991, mwaka uleule ilipotoka filamu ya James Cameron, kisha ukaletwa kwenye Mega Drive, konsoli ya Sega, kwa jina la T2: The Arcade Game. Ipo michezo ya filamu iliyokuwa mibovu tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo haikuwa na cha kupoteza. Huu ulikuwa na mengi ya kupoteza, na ndiyo maana bado unaniuma.

Kwa wasiowahi kuiona, mashine ya ukumbini ilikuwa na bunduki mbili zilizofungwa kwenye kabati lake, moja kwa kila mchezaji. Kwa macho ilikuwa bunduki, lakini kwa ndani ilifanya kazi karibu kama usukani: ukiigeuza, vipimo vilivyomo kwenye shina lake viliieleza mashine imeelekea wapi, na alama ya kulengea ikahamia papo hapo kwenye skrini. Mkono ukisogea kidogo, alama ilisogea kidogo. Ukiuzungusha ghafla, alama iliruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kabla hujapepesa jicho. Ulicheza kama T-800, roboti wa filamu hiyo, aliye upande wa binadamu, ukianzia kwenye vita vya mwaka 2029 kati ya binadamu na mashine na kuishia katika matukio ya filamu yenyewe, yaani uvamizi wa kampuni ya Cyberdyne, mbio za gari na kiwanda cha chuma. Sura za wahusika zilitokana na picha za watu halisi zilizoingizwa kwenye kompyuta, mbinu ambayo Midway waliitumia tena mwaka 1992 katika mchezo wa kupigana wa Mortal Kombat, na kwa wakati ule ilitosha kabisa kukufanya uamini kwamba umeingia ndani ya filamu.

Kulikuwa pia na jambo ambalo wengi hawakulizingatia, nalo kwangu ndilo lililoonyesha ufundi wa waliobuni mchezo. Bunduki ilikuwa na mita ya nguvu. Ukishikilia kifyatulio bila kukiachia, mita ilishuka na risasi zikapungua kasi. Ukiachia, ilipanda tena. Kwa hiyo mchezaji mzuri alipiga kwa vipindi: analenga, anafyatua, anaachia, anahamia kwingine. Mchezo mzima ulijengwa juu ya mapigo hayo, na mapigo hayo yaliwezekana kwa sababu kuhamisha shabaha kulichukua muda mfupi mno.

Nilipoipata kaseti ya Mega Drive, kitu cha kwanza nilichokiona ni picha, na picha niliisamehe. Konsoli hiyo ina rangi 512 za kuchagua, lakini haionyeshi zaidi ya 64 kwa wakati mmoja kwa njia ya kawaida, na picha za watu halisi zinataka rangi nyingi za kati ili ngozi ionekane kuwa ngozi. Hivyo nyuso zilijaa chembechembe, na moshi wa milipuko ukawa madoa. Haikuwa kosa la mtu. Anayenunua mchezo wa ukumbini ili aucheze nyumbani anajua kwamba hanunui kabati zima, na mimi nilijua hivyo nilipoifungua kaseti.

Nisichoweza kukisamehe ni kilichotokea mkononi. Bila bunduki, alama ya kulengea inaendeshwa kwa kitufe cha msalaba kilicho kwenye padi, yaani kile kidhibiti cha kushika mikononi, na kitufe hicho hakijui kidogo wala kingi. Kinajua tu kwamba kimebonyezwa au hakijabonyezwa, katika pande nane. Chukua hesabu nyepesi. Skrini ina upana wa pikseli 320, yaani nukta 320 za picha. Tuseme alama inasogea pikseli 4 kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa, katika fremu 60 kwa sekunde. Kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia itahitaji fremu 80, ambazo ni zaidi ya sekunde moja na robo. Ukiiongezea kasi mara mbili, utafika upesi, lakini sasa kila mguso mdogo wa kidole unairusha alama pikseli 8, na adui aliye mbali, mwembamba kama kijiti, unampita kushoto, unarudi, unampita kulia. Kasi yoyote moja utakayoichagua itakuwa ndogo mno kwa kazi moja na kubwa mno kwa nyingine. Bunduki ya ukumbini haikuwa na tatizo hilo kwa sababu kasi iliamuliwa na mkono wa mchezaji, kila mara upya.

Ugumu huo ungevumilika iwapo maadui nao wangepunguzwa. Hawakupunguzwa vya kutosha, na mahali panapolithibitisha hilo kuliko pengine popote ni hatua ya tatu.

Katika hatua hiyo John Connor, kiongozi wa binadamu katika vita hivyo, anasafiri kwa gari usiku kupitia uwanja wa vita, nawe unalisindikiza. Kazi yako si kujilinda tu, bali kulinda gari, nalo lina kipimo chake cha uhai. Ndege za Skynet, kompyuta inayoongoza jeshi la mashine, zinakuja kutoka upande huu, kisha upande ule, kisha pande zote mbili, na kila moja inayobaki hewani muda mrefu inalipunguzia gari uhai. Ukumbini, hapa ndipo bunduki ilipokuwa tamu: unaiangusha ya kushoto, unageuza bega, unaidaka ya kulia ikiwa ndiyo kwanza inaingia. Nyumbani nilikuwa naimaliza ya kushoto, nabonyeza kulia, halafu natazama. Ninatumia neno hilo makusudi. Natazama alama yangu ikitambaa kuvuka skrini, ikipita juu ya gari lenyewe, huku ndege ya kulia ikipiga, na mita yangu ya nguvu imekwisha kujaa zamani na inanisubiri. Mchezo wa kulenga ulikuwa umegeuka kuwa mchezo wa kungoja. Gari likiteketea, unarudishwa mwanzo wa hatua.

Tena, ugumu wa mchezo ule ulikuwa umepimwa kwa ajili ya mashine inayokula sarafu. Ukumbini, aliyeshindwa alitumbukiza nyingine na kuendelea. Kwenye konsoli tundu la sarafu halipo, lakini kile kilichokuwa kinaitafuta sarafu, yaani yale makundi ya maadui yasiyokupa pumzi, kilihamishwa pamoja na vingine. Mchezaji wa nyumbani alibaki na adhabu ya ukumbini bila silaha ya ukumbini.

Najua wasomaji watanikumbusha kuhusu Menacer, bunduki ya mwanga ya Mega Drive iliyotoka mwaka 1992, ambayo mchezo huu unaikubali. Ni kweli, na aliyekuwa nayo alipata kitu kilicho karibu zaidi na asili. Hata hivyo, iliuzwa kando, wengi hatukuwa nayo, na kaseti iliuzwa kwa kila mwenye konsoli. Ukimwuzia mtu mchezo unaosema kwamba unachezeka kwa padi, basi padi nayo ilipaswa kushughulikiwa kwa moyo uleule. Isitoshe, jina jipya lenyewe, T2: The Arcade Game, lilikuwa ahadi. Liliwekwa ili mnunuzi asiuchanganye na michezo mingine ya filamu hiyohiyo, na lilimwambia wazi kwamba hiki ndicho alichokicheza ukumbini.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali. Ningeanza na alama ya kulengea, na ningeipa kasi inayokua: mguso mfupi uisogeze pikseli moja, na kadiri kidole kinavyokaa ndivyo inavyokimbia zaidi. Hilo halihitaji prosesa yenye nguvu. Ni hesabu ya kuongeza tu. Kisha ningeifanya ipunguze mwendo inapopita juu ya adui, ili kidole kipate nafasi ya kuachia. Katika hatua ya gari ningezileta ndege kwa zamu, ya pili ikingoja ya kwanza ianguke, angalau kwa anayetumia padi, maana programu inajua ni kifaa gani kimechomekwa. Maadui wachache wanaoangushwa kwa ustadi wanasisimua kuliko wengi wanaokupita huku mkono umefungwa.

Wapo watakaosema kwamba mawazo haya ni ya miaka ya baadaye na si haki kuwadai watu wa wakati ule. Sikubaliani nao kabisa, ingawa mfano wangu bora ni wa mwaka 1997. GoldenEye 007 ya Nintendo 64, nayo ikiwa imetokana na filamu ya mapambano, ilimpa mchezaji msaada wa kulenga unaouvuta mtutu wa bunduki kuelekea kwa adui aliye karibu na shabaha, na ikamwachia kitufe cha kulengea kwa makini pale anapotaka. Waliouunda walianza na kifaa kilichomo mkononi mwa mchezaji, kisha wakaujenga mchezo kukizunguka. Waliohamisha T2 walianza na maadui, kidole gumba kikafikiriwa mwisho.

Miaka mingi baadaye nilikutana na toleo la Super Nintendo, ambalo linakubali kipanya cha konsoli hiyo, kile kilichokuja na programu ya kuchora ya Mario Paint. Picha zake zina mipaka yake pia. Nilikiweka kipanya juu ya kitabu kipana, nikaanza, na katika hatua ya tatu nikaona alama inaruka kutoka ndege ya kushoto hadi ya kulia kwa msukumo mmoja wa kiganja, mita inapanda na kushuka kwa mapigo niliyoyakumbuka. Gari lilivuka na uhai wake zaidi ya nusu. Nilirudi nikacheza hatua hiyo mara tatu mfululizo, bila kujali zinazofuata.