Mstari umetokea kwenye filamu: je, nimepata protini lengwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma uzamili hapa Mbeya, nafuatilia kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) ya maharage inayoamka mmea unaposhambuliwa na chule, ugonjwa wa ukungu. Nimeichanganya kwenye tyubu na protini ninayohisi ndiyo inayolengwa nayo, pamoja na ATP (molekuli inayotoa fosfati) yenye fosforasi ya mionzi, kisha nikapitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito. Filamu, ambayo hugeuka nyeusi penye mionzi, imetoa mstari mweusi karibu na kilodaltoni 45 (kipimo cha uzito wa protini). Protini yangu ina 43, kinasi ina 46. Wenzangu wanasema nimeshapata protini inayolengwa, niandike tasnifu. Niandike?

JIBU: Marahaba. Usiandike bado.

Itazame tena hiyo filamu. Kinasi nyingi hujibandika fosfati zenyewe, na jeli ya haraka haraka haitenganishi 43 na 46. Mstari wako unaweza kuwa ni kinasi tupu. Pitisha kinasi peke yake, na pembeni yake kinasi iliyolemazwa, yaani ile lisini (asidi amino) inayoshika ATP imegeuzwa kuwa methionini, asidi amino nyingine, ikiwa na protini yako.

Haya, tuseme mstari ni wa protini kweli. Hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi kila mwaka. Mfungie mbuzi chumbani na gunia la ufuta, ataula. Bado hujajua anachokula akiachiwa malishoni. Kwenye tyubu umejaza kimeng'enya kupita kiasi, ukakiacha nusu saa, hakuna protini nyingine za kugombania, hakuna fosfatasi ya kubandua kilichobandikwa. Ndani ya jani huenda kinasi na protini yako hazikutani kabisa: moja iko kwenye utando wa seli, nyingine kwenye kiini. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500 na mimea ina nyingi kuliko hizo, nazo nyingi kwenye tyubu zitabandika fosfati kwenye kazeini, protini ya maziwa, bila kusita. Maharage hayana kazeini.

Ushahidi utoke kwenye jani. Mashine ya kupima uzito wa molekuli itakuonyesha ni serini ipi (asidi amino inayobandikwa fosfati) ya protini yako imeongezeka daltoni 80, uzito wa fosfati iliyobandikwa. Serini hiyohiyo ionekane imebandikwa kwenye maharage yenye chule, na fosfati ipungue ukiizima kinasi. Hata hapo kuna mtego: huenda kinasi yako imeamsha nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyobandika. Kwa hilo kuna njia ya Kevan Shokat wa Marekani: unapanua mfuko wa ATP wa kinasi yako ili ipokee ATP iliyonenepeshwa, ambayo kinasi nyingine haziwezi kuitumia vizuri. Mwisho geuza serini kuwa alanini, isiyoweza kubandikwa fosfati, uone kama mmea unabadilika. Maharage ni mabishi kupokea jeni, kwa hiyo wengi huanzia kwenye majani ya Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku. Ni sawa, mradi useme hivyo.

Na usiniletee orodha ya programu ya kompyuta inayobashiri protini lengwa ukaiita matokeo. Programu inatafuta mpangilio mfupi wa asidi amino, na mpangilio kama huo hujitokeza kwa bahati kwenye protini chungu nzima. Orodha inakuambia uanzie wapi kupima, basi.

Kinachoniuma zaidi ni tyubu hiyohiyo inapofika sokoni. Nimeshika pakiti ya unga wa majani pale Mwanjelwa, imeandikwa kwamba unazuia kinasi za saratani. Majani mengi yana tanini, zilezile zinazokausha ulimi ukinywa chai kali ya Rungwe, na tanini hung'ang'ania karibu protini yoyote. Zitaizima kinasi kwenye tyubu, na zitazima vimeng'enya vingine visivyo na kosa. Imatinibu, dawa ya kweli ya kuzuia kinasi, ilipitia seli, wanyama na wagonjwa kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mgonjwa anayeacha kliniki kwa ajili ya pakiti ile anapoteza miezi ambayo haitarudi.

Wewe anza na kinasi iliyolemazwa wiki hii, na jeli ndefu, uipitishe taratibu. Mstari ukitokea hata kwa hiyo iliyolemazwa, niandikie kabla hujaigusa sura ya matokeo.