Mwanafunzi mgeni usimuulize kuhusu Septemba, muulize kuhusu Februari

Wiki jana kijana mmoja wa Kakamega, kiongozi wa wanafunzi chuoni kwao, aliniandikia: "Dada, habari za huko. Nasikia mna hojaji ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambayo imewasaidia sana. Naomba unitumie, nitabadilisha jina la chuo tu."

Nilikaa na ujumbe huo siku nzima. Nilifurahi, sitaficha. Kazi tuliyoihangaikia miaka mitatu imefika Kakamega bila mimi kuipeleka. Ila yale maneno "nitabadilisha jina la chuo tu" yalinichoma, kwa sababu hata sisi tulianza vivyo hivyo. Tulichukua fomu ya watu, tukabadilisha jina, tukavuna majibu ambayo hayakumsaidia yeyote. Kwa hiyo ndugu yangu, nawe unayesoma hapa ukipanga jambo kama hilo chuoni kwenu kabla wageni hawajaripoti, fomu nitatuma. Kwanza nisikilize.

Nianze na uongo wangu mwenyewe.

Mwaka 2013 nilipata barua ya kujiunga na chuo kikuu kimoja kule magharibi mwa Kenya. Kwetu ni Nyalenda, Kisumu. Mama aliuza omena soko la Kibuye, akipima kwa gorogoro, na kwa omena hizo alitusomesha sote wanne. Siku ya usajili tuliingizwa ukumbini, meza moja watu watano, viwiko vinagusana, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Tukapewa karatasi za kujaza. Swali moja liliuliza kazi ya mzazi, lililofuata likauliza mapato ya familia kwa mwezi. Kushoto kwangu alikaa msichana aliyesukwa nywele vizuri, naye alikuwa ameshaandika "Daktari". Niliona alichoandika, nikajua naye ataona changu. Nikaandika "Mfanyabiashara". Kwenye mapato nikaandika 45,000, pesa ambazo mama hakuwahi kuzishika kwa mwezi mmoja tangu nizaliwe.

Mkono wangu haukutetemeka. Nakumbuka hata niliandika kwa mwandiko mzuri.

Kisha karani akasimama mbele akasema kwa sauti, "Wale wanaohitaji msaada wa chakula wainue mikono niwaandike." Ukumbi mzima ulikuwa na mamia ya watu. Hakuna aliyeinua mkono.

Lakini kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa. Siku ile hata mimi niliuamini uongo wangu. Karo ya waliopelekwa na serikali wakati huo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na risiti ya benki nilikuwa nayo mfukoni. Harambee ilikuwa imefanyika nyumbani Jumapili mbili kabla: kanisa lilichanga, majirani walichanga, chama cha mama kilitoa zamu yake. Nilikuwa na sanduku jipya, godoro jipya na sweta ambayo shangazi aliifuma mwenyewe. Septemba nilikuwa tajiri. Kufika Februari nilikuwa nakunywa uji asubuhi na maji jioni. Siku moja nikaanguka maabarani nikiwa nimeshika kopo la kioo.

Waliponipeleka zahanati ya chuo, muuguzi aliuliza nimekula nini. Nikanyamaza. Akafungua faili langu, akasoma, akaniangalia tena. "Lakini hapa umeandika mzazi anajiweza," akasema. Hakuwa na ubaya. Alisoma nilichoandika. Sentensi hiyo bado ninayo kichwani, na kila ninapoona fomu inayouliza "mapato ya familia kwa mwezi" naisikia upya.

Nilimaliza chuo. Sasa nafanya kazi katika ofisi ya maslahi ya wanafunzi kwenye chuo kimoja hapa Nakuru, na miaka mitatu iliyopita mkuu wangu alinipa jukumu la kuwajua wageni: wametoka wapi, wanalipiwa na nani, wanatarajia nini. Ungedhani mtu aliyepitia niliyopitia angeuliza vizuri. Sikuuliza vizuri. Niliazima fomu ya mahali pengine, nikaweka swali, "Je, una changamoto za kifedha?" na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Tukawagawia siku ya usajili. Karibu wote wakatia alama kwenye Hapana. Nikaandika ripoti yenye jalada la rangi kusema wageni wa mwaka huo wako sawa, na nikaisoma mbele ya kamati kwa fahari.

Mwezi wa pili askari wa usiku alinipigia simu. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akilala chumba cha maombi tangu muhula uanze, shuka lake analikunja alfajiri na kulificha nyuma ya spika. Alitoka Budalang'i, kule ambako mto Nzoia ukipasua kingo watu huhamia kwenye kambi na mifugo yao. Nilitafuta fomu yake. Alikuwa ameandika Hapana.

Nilimwita ofisini. Sikutaka kumlaumu, nilitaka kujua. Akanijibu akitazama viatu vyake: "Mwalimu, siku ile sikuwa na shida. Nilikuwa na elfu kumi na mbili."

Hakudanganya. Mimi nilidanganya mwaka 2013, yeye hakudanganya. Nilimuuliza kuhusu siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kimemsukuma hadi langoni, naye akanijibu kuhusu siku hiyo. Muhula wa kwanza hulipwa na harambee, na ng'ombe aliyeuzwa, na mjomba aliyeona haya kukosa kuchanga mbele ya watu. Ng'ombe huuzwa mara moja. Jambo la kumuuliza mgeni ni nani atalipa akirudi Januari, na Februari atakula nini. Mengine yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye hilo moja.

Baada ya hapo nilianza kusoma jinsi wengine wanavyofanya. Marekani wana uchunguzi wa wanafunzi wanaoingia vyuoni ulioanza mwaka 1966 chini ya msomi aitwaye Alexander Astin, na tangu 1973 makao yake yakawa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Astin alisema huwezi kudai chuo kimemjenga mwanafunzi kama hukujua aliingia akiwa na nini. Inabidi umpime anapoingia, uyajue mazingira uliyomweka, kisha umpime tena akitoka. Pia walishikilia maswali yaleyale mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana wameona mambo makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya asilimia 80 ya wageni walisema ni muhimu sana kujijengea falsafa ya maisha yenye maana, na waliotaja kuwa na uwezo mkubwa wa kifedha hawakufika nusu. Kufikia miaka ya 2010 pesa ndiyo iliyokuwa imevuka asilimia 80. Nchi nzima ilibadilika moyo, na aliyeuliza swali lilelile kila mwaka akaiona ikibadilika. Kwa hiyo ukipata swali zuri usilibadilishe kila mwaka kwa sababu kiongozi mpya ameingia ofisini.

Lakini usinakili maswali yao ya pesa. Kwao hakuna harambee, hakuna HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hakuna chifu wa kuandika barua ya basari.

Fomu ya pili tuliijaribu kwanza na wanafunzi sita, tukiwa tumeketi chini ya mti na chai. Msichana mmoja akauliza, "Kaya ni nini?" Wenzake watatu nao hawakujua. Neno hilo lilikuwa kwenye maswali manne. Kijana mwingine, kwenye "Nani analipa karo yako?", alikuta baba, mama, mlezi na mfadhili. Akakata vyote, akaandika pembeni: "Kanisa, dada, ng'ombe." Fomu hiyo ninayo hadi leo kwenye droo yangu.

Tukaandika upya. Siku hizi tunauliza, "Pesa ulizolipa siku ya usajili zilitoka wapi? Taja zote." Chini yake: "Za muhula wa pili zitatoka wapi?" Hapo hakuna visanduku, kuna mstari mtupu tu, na anayeuacha mtupu amekwisha kujibu. Tunauliza, "Wiki iliyopita, siku ngapi ulikula mlo mmoja tu?" Mtu anaweza kuona haya kuandika kwamba ni maskini. Kuandika "tatu" hakumwaibishi. Tunauliza kama kuna mtu nyumbani anayesubiri atumiwe pesa, na swali hili lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu kuna watoto ambao HELB ikiingia leo kesho iko M-Pesa kwenda kulipa karo ya mdogo wake Bungoma au Siaya. Tunauliza kama kozi aliyopewa na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, aliichagua mwenyewe. Na mwisho: "Ukikwama utamwambia nani kwanza? Nani hutaki ajue?" Hilo la nani hutaki ajue tulishauriwa tulitoe. Nilikataa. Limetuzuia mara kadhaa kumpigia mzazi ambaye simu yetu ingemtia mtoto matatani.

Karatasi zenyewe ni mbili. Ya kwanza, kuhusu alikotoka na anachotarajia, hujazwa siku ya usajili kabla mafunzo hayajamgusa, kama Astin alivyotaka. Ya pili, kuhusu pesa na chakula, hujazwa wiki ya tatu, vikundi vidogo, viti vimeachana. Wiki ya tatu pesa za harambee zimeanza kuisha na haya imepungua.

Na kuna jambo jipya ambalo wakati wangu halikuwapo. Tangu serikali ilete mfumo mpya wa ufadhili mwaka 2023, wenye kuwapanga wanafunzi kwa bendi, yaani makundi kulingana na uwezo wa familia, kila mgeni akiona swali la pesa anadhani ni la bendi. Nao wana haki ya kuogopa. Bendi zilipopangwa, ya kwanza familia ilidaiwa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya tano ilidaiwa asilimia 40, na wako waliowekwa pasipowafaa. Ndiyo maana sentensi ya kwanza kwenye fomu yetu inasema: fomu hii haibadilishi bendi yako na haiendi HELB. Tunaisoma kwa sauti kabla ya kugawa kalamu. Na ukishaahidi, timiza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka umweleze mtu unachukua habari zake kwa ajili gani, na usizigeuzie kazi nyingine.

Hapa nawageukia viongozi wa wanafunzi, kwa sababu najua mnataka kufanya mema na najua pia uchaguzi wenu uko karibu. Orodha ya wenye njaa si orodha ya kura. Nimewahi kuona wageni wakipangwa mstari kupokea unga huku wanapigwa picha, na picha zikasambaa kabla unga haujapikwa. Mtoto aliyepigwa picha ile hatajibu fomu yoyote tena maishani mwake. Kama huna cha kumpa anayesema ana njaa, usimuulize. Tafuta kwanza hata sahani ishirini za chakula kwa siku, ukae na wapishi mkubaliane, ndipo uulize. Na majibu yarudi kwa waliojibu, mapema, kwenye ubao, bila majina. Wahadhiri nao waache kuuliza darasani nani hana laptopu. Wanaotaka mikono juu, mnanisikia? Hakuna mkono utakaoinuka. Haukuinuka 2013 na hautainuka leo.

Nakusihi, usiulize kwa kuinua mikono.

Yule kijana wa Budalang'i yuko mwaka wa tatu sasa, na ndiye anayewasomea wageni ile sentensi ya kwanza. Mwaka huu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mwalimu, hawa tunaowauliza wamefika. Na wale waliopata barua wasije?"

Ni kweli. Hojaji yetu huanzia ukumbini, na kuna ambao ukumbini hawakufika kabisa. Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu, nikapewa orodha ya walioitwa na hawakuripoti, pamoja na namba walizoacha. Jana saa nane mchana nilipiga ya kwanza. Ilipokewa na mama, nyuma yake kuku wanalia. Nikajitambulisha, nikamtaja binti kwa jina. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Yuko kwa watu, anaosha nguo. Piga jioni, mwanangu, atakuwa amerudi."

Nilipiga saa moja jioni. Tuliongea dakika arobaini, na swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa kuhusu Februari.